Kufuata Joto: Istilahi za Garinyumba kutoka Tukuyu hadi Matema

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tukuyu, wilayani Rungwe, ametuletea barua ndefu pamoja na orodha ya maneno. Aeleza kwamba yeye na mdogo wake wamenunua basi dogo kuukuu, wakang'oa viti, wakatia vitanda viwili, jiko la gesi, tangi la maji, betri ya pili na meza ya kukunja. Nia yao ni kumteremsha mama yao mzazi hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kila mwaka tangu katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti. Mama huyo anasumbuliwa na viungo na kifua, na baridi ya Tukuyu humlaza kitandani miezi yote hiyo. Vyombo vilivyotiwa garini vimekuja na kitabu cha maelezo kilichoandikwa ng'ambo. Mwalimu amekitafsiri ili mdogo wake, ambaye ndiye dereva, na wajukuu watakaokaa na bibi yao, wapate kukisoma. Sasa anatuuliza kama maneno aliyoyachagua yanafaa.

Tungeweza kumjibu kwa kumpelekea orodha nyingine. Lakini tulipoyapitia maneno yake tuliona kwamba baadhi yake yanagusa mambo ambayo watafsiri wengi huyapita kwa haraka, na kwamba mawili au matatu, yakiachwa yalivyo, yanaweza kuleta msiba. Kwa hiyo tumeonelea tuyajadili hapa mbele ya wasomaji wote, kwa kuifuata safari yenyewe kama inavyopangwa.

Kitabu hicho chaanza, kwa tafsiri ya mwalimu, na shauri hili: kipupwe kinapoingia, msafiri aelekeze gari lake kusini, naye atalakiwa na joto. Ni sentensi fupi, na sarufi yake haina kasoro. Hata hivyo maneno yake mawili, kipupwe na kusini, yanahitaji kupimwa kabla hayajaruhusiwa kupita.

Tuanze na kusini. Neno hili, kama lilivyo kaskazini, limetokana na jina la upepo. Kusi ni upepo uvumao kutoka upande wa kusini na kusini-mashariki tangu Aprili au hivi mpaka karibu na Oktoba. Nao ndio uletao hali ya ubaridi pwani na kuchafua bahari. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hadi Machi, na majira yake ni ya joto. Mabaharia wa majahazi waliokuja Zanzibar, Lamu na Kilwa kutoka Uarabuni na Bara Hindi waliletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi, na kalenda yao yote ilisimama juu ya pepo hizo mbili. Basi mtu aliyelelewa katika lugha hii, akiambiwa aende kusini afuate joto, anaambiwa kwa kweli auendee upepo wa baridi. Sentensi hiyo inagombana na maneno yaliyoijenga.

Nayo yagombana na jiografia pia. Mwandishi wa kitabu aliishi katika nusu ya kaskazini ya dunia, ambako kusini ndiko kuliko na jua. Wastaafu wa Kanada na wa majimbo ya kaskazini ya Marekani huteremka Florida na Arizona kila mwaka katika magari ya kulala. Katika mji mdogo wa Quartzsite, ulioko katika jangwa la Arizona, maelfu kwa maelfu ya magari hayo hukusanyika Januari na Februari. Wajerumani na Waholanzi huenda Hispania, Ureno, hata kuvuka bahari hadi Moroko. Lakini wastaafu wa Australia, ambao mchezo huu wanaujua vilevile, hufanya safari yao Juni na Julai, na huelekea kaskazini, kutoka Victoria kwenda Queensland. Sisi tuko upande mmoja na Australia. Mwezi Juni jua liko kwenye Tropiki ya Kansa, na kila anayekwenda kusini kutoka Tukuyu hulipa mgongo. Kama mdogo wake mwalimu angelitii shauri la kitabu bila kusita, akavuka mpaka wa Malawi pale Kasumulu na kushika njia moja kwa moja, siku chache baadaye angefika Johannesburg na kukuta nyasi zimeganda kwa jalidi.

Na bado mwalimu hajakosea njia. Matema iko kusini mwa Tukuyu, na Matema kuna joto. Sababu ya joto hilo ndiyo inayopasa kutajwa. Tukuyu iko katika mwinuko upatao meta 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Rungwe wenye urefu wa meta zipatazo 2,960. Na uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya meta 500. Hewa hupungua joto kwa digrii sita hivi kila tupandapo meta 1,000. Kwa hiyo mama huyo akiteremshwa meta elfu moja na ushei, atapata nyongeza ya digrii sita au saba, hata kama angeteremshwa kuelekea upande wowote wa dira. Mtu akitaka ushahidi, na atazame Njombe, ambayo kwa latitudo iko kusini kidogo kuliko Tukuyu. Hakuna mtu mwenye akili zake ampelekaye mgonjwa wa viungo Njombe mwezi Julai akaote joto.

Watu wa Rungwe wenyewe hawana tatizo hili. Katika mazungumzo yao husema wanateremka Kyela na wanapanda Tukuyu, na wakisema huko chini kila mtu huelewa kuwa ni kwenye mpunga, kwenye joto na kwenye mbu. Dira yao ni ya juu na chini. Kwa hiyo tunamshauri mwalimu aandike hivi: baridi inapoanza, teremka ziwani. Mtafsiri ana haki ya kuligeuza neno la upande likawa neno la mwinuko, maana kilichokusudiwa na mwandishi wa kwanza ni joto, na upande alioutaja ni wa kwao.

Kuhusu kipupwe, hoja ni nyembamba zaidi. Neno hili ni la pwani, na lataja majira ya baridi ya Juni hadi Agosti, mvua za masika zikiisha kukatika. Kwa miezi lafaa kabisa kutumika Tukuyu. Kwa sifa halifai sana, kwa sababu kipupwe cha pwani ni kikavu na cha kupendeza, watu hulala vizuri na wavuvi hulalamikia upepo tu. Miezi hiyo hiyo Tukuyu kuna ukungu unaoshuka mashambani mwa chai asubuhi na kukaa mpaka jua limepanda, nguo hazikauki kambani, na jioni kila mtu amejifunika blanketi. Mnyakyusa husema imbepo, akiwa na maana ya baridi na upepo kwa pamoja, nasi twaona mara moja kwamba neno hilo ni ndugu wa upepo wetu. Hata hivyo hatuoni sababu ya kulikataa neno kipupwe kwa ajili ya tofauti hizo. Neno likisafiri kutoka pwani kwenda milimani huongeza maana, na hilo si dhambi.

Tunachokataa ni kulitumia kwa majira ya baridi ya Ulaya na Marekani. Tumepata kusoma tafsiri zilizosema kwamba kipupwe cha London huanza Desemba. Msomaji wa Tanga, ambaye Desemba hukaa barazani akijipepea, afanye nini na kipupwe hicho? Kwa majira hayo ya mbali liko neno majira ya baridi, ambalo halimfungi mtu kwenye mwezi wowote, na likifuatwa na majina ya miezi halitampotosha yeyote. Kipupwe kibaki kuwa chetu.

Hapa tuingize jambo la pembeni. Wale wastaafu wahamao kwa kufuata joto, kitabu kinawaita kwa jina la utani ambalo mwalimu amelitafsiri neno kwa neno kuwa ndege wa theluji. Msomaji wetu ataelewa kuwa ni ndege wakaao kwenye theluji, na kumbe maana ni kwamba wanaikimbia. Lugha yetu ina ndege wa kufaa zaidi. Mbayuwayu wa Ulaya hutufikia Oktoba, wakajaa kwenye nyaya za simu, na ifikapo Aprili wengi wameondoka. Kila mtoto wa shule amewaona. Mzee ahamaye na majira tungemwita mbayuwayu, na maelezo yasingehitajika.

Sasa tulitazame gari lenyewe. Mwalimu ametoa majina matatu bila kuchagua: karavani, nyumba tembezi na gari la kulala. Neno karavani, ambalo lugha za Ulaya zililichukua kutoka Kiajemi, asili yake ni msafara wa wanyama na watu. Baadaye Waingereza wakalitumia kwa nyumba ndogo ya magurudumu ivutwayo nyuma ya gari. Tukilitumia kwa basi lenye injini yake tutachanganya vitu viwili ambavyo sheria ya barabarani huvitenga, kwa sababu kivutwacho ni tela. Nyumba tembezi limejengwa vizuri, kwa mfano wa kliniki tembezi. Lakini kiini cha jina hili ni nyumba, na afisa wa usalama barabarani atakaposimamisha chombo hiki atauliza kadi ya gari, bima ya gari na leseni ya gari. Wala hatauliza hati ya kiwanja. Gari la kulala nalo ni refu, tena lafanana mno na behewa la kulala katika treni.

Sisi tunapendekeza garinyumba. Lugha ilikwisha kutufungulia njia kwa garimoshi, ambalo awali lilikuwa gari la moshi, likaungana kwa kutumika sana. Katika maneno ya namna hii jina la kwanza ndilo linalotawala upatanisho: garinyumba hili, magarinyumba haya. Lile livutwalo tuliite tela la nyumba, na ikiwa kuna hema lililofungwa juu ya paa, kama tuonavyo kwenye magari ya watalii wapitao Tukuyu wakielekea Malawi, liitwe hema la paani. Hayo yatosha.

Ndani ya garinyumba mwalimu amefanya jambo lililotufurahisha. Alipokosa maneno ya sehemu za gari la kukaa watu, alikwenda kuyatafuta katika jahazi. Akaandika feuli kwa sanduku la nyuma la kuwekea mizigo, banduru kwa mahali pakusanyikapo maji machafu, na shetri kwa sehemu iliyoinuliwa ya kitanda cha nyuma. Fikra yake ni ya kweli kabisa: Waswahili waliishi ndani ya vyombo viendavyo karne nyingi kabla ya injini, wakala, wakalala na kupika humo, na kila pembe ya chombo ina jina lake. Isitoshe, utaratibu wa kuunda istilahi ni kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na baadaye ndipo tuombe kwa majirani wa mbali. Mwalimu ameufuata utaratibu huo kwa uaminifu.

Lakini istilahi huundwa kwa ajili ya mtu fulani. Mdogo wake mwalimu amekulia Tukuyu, ameendesha malori ya chai na ya ndizi, na katika maisha yake hajapata kupanda jahazi. Sanduku la nyuma yeye huliita buti, na fundi wake pia, na mtu wa duka la vipuri pia. Ukimwandikia feuli atahitaji kamusi ili afungue mlango wa nyuma. Ladha ya neno ni kitu kizuri, ila haishindi haja ya kueleweka pale ambapo neno jingine limekwisha kukaa vinywani mwa watu. Kwa sababu hiyo tunashauri buti libaki buti, na banduru liwe tangi la maji machafu. Shetri tungelipenda libaki, kwa kuwa hatukuona neno la mitaani linaloshindana nalo. Kama wajukuu wakilizoea, litakuwa limeingia milimani kwa mlango wa nyuma.

Tumefika penye uzito. Barabara itokayo Tukuyu kwenda Kyela huteremka karibu njia yote, kupita migombani na kwenye chai, mpaka tambarare ya mpunga. Kutoka Kikusya njia huchepuka kwenda Ipinda na Matema, kilometa zipatazo 39. Garinyumba lililojaa ni zito kuliko basi lilelile lilipokuwa na viti. Lita 100 za maji peke yake ni kilo 100. Kitabu kinamwagiza dereva atumie kile ambacho mwalimu amekiita breki ya injini. Mdogo wake, kama barua inavyosema, aliuliza breki hiyo ina pedali wapi.

Swali lake halikuwa la mzaha. Neno breki kwa dereva ni kitu kinachokanyagwa au kuvutwa, na yapo malori makubwa ambayo kweli yana kifaa cha pekee cha kuzuia mwendo kwa kuziba moshi wa injini. Basi dogo hili halina kifaa hicho. Kinachoagizwa ni kushuka gari likiwa katika gia inayolifanya injini lizuie magurudumu, ili pedali isikanyagwe mfululizo. Madereva wanalo neno lao tangu zamani: kushuka na gia. Tena wana kanuni yao, kwamba mlima hushukwa na gia ileile iliyoupandia. Hatuoni istilahi yoyote ya kitaalamu itakayoshinda maneno hayo kwa usahihi au kwa ufupi. Tunaongeza onyo moja tu, kwamba mtafsiri asiandike gia ndogo wala gia kubwa. Mmoja husikia namba, na namba moja ni ndogo; mwingine husikia nguvu, na gia ya kwanza ndiyo yenye nguvu kubwa. Watu wawili wakisoma sentensi moja wataingiza gia mbili tofauti kwenye mteremko mmoja. Iandikwe gia ya pili, au ya tatu, kwa jina lake.

Vivyo hivyo mwalimu ameandika kwamba asiyefanya hivyo breki zake zitafeli. Kufeli kwaeleza mwisho na kuficha chanzo. Breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto. Moto ukizidi, mafuta ya breki huchemka na kutoa mapovu. Na mapovu, kwa kuwa hubonyea, huifanya pedali izame bila gari kushikwa. Dereva aliyesoma kwamba breki zimepata moto, na hivyo ndivyo madereva wasemavyo, atajua kuwa dawa ni kusimama, kuweka kabari kwenye matairi na kungoja zipoe. Aliyesoma kwamba zimefeli atajua tu kwamba mambo yamekwisha.

Ipo pia hatari nyingine isiyo na kishindo, na ndiyo iliyotufanya tusiikawize makala hii. Katika kitabu kuna ukurasa mzima juu ya kifaa kidogo kitundikwacho ukutani karibu na kitanda. Mwalimu amekiita king'amuzi cha hewa ukaa. Maneno hayo mawili yote yatazamwe upya.

King'amuzi ni neno zuri kwa asili yake, kitu kinachong'amua. Lakini tangu matangazo ya televisheni ya Tanzania yalipohamia mfumo wa dijitali, kuanzia mwisho wa mwaka 2012, neno hilo limekamatwa na kisanduku cha televisheni, na halitaachiliwa karibuni. Mjukuu akiambiwa king'amuzi kinalia atatazama kama malipo ya mwezi yamekwisha. Kifaa hiki kazi yake ni kupiga kelele ili walalao waamke. Kwa hiyo kiitwe kengele.

Hewa ukaa ndilo kosa lenyewe, na si la mwalimu peke yake. Neno hili katika maandishi ya sayansi na ya mazingira limekwisha kuwekwa kwa dioksidi ya kaboni, hewa tuitoayo tunapopumua na itumiwayo na mimea. Kifaa kile hakihusiki na hewa hiyo. Kinahusika na monoksidi ya kaboni, ambayo hutoka pale kitu kinapoungua bila kupata oksijeni ya kutosha: mkaa katika jiko, gesi katika jiko lisilowaka vizuri, mafuta katika jenereta. Haina rangi, haina harufu, wala haikerezi koo. Ikiingia mwilini huishika himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ishikavyo oksijeni, hata damu ikakosa nafasi ya kubeba kilicho cha lazima. Mtu huumwa kichwa, akaona kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni uchovu wa safari. Akilala, huenda asiamke.

Ubaya ni kwamba neno hewa ukaa limetokana na kaa, na masikioni mwa mtu wa kawaida ndilo lielekealo kuwa hewa ya jiko la mkaa. Kwa hiyo yule aliyesoma shuleni kwamba hewa ukaa ni ile ya kawaida itokayo puani atalidharau onyo, na yule asiyesoma atakuwa ameelewa sawasawa kwa bahati. Hatuwezi kuijenga tahadhari juu ya bahati. Wengine wamependekeza moshi wa mkaa, na hilo nalo tunalikataa kwa nguvu zaidi. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, na watu huingiza jiko ndani wakati huo hasa, wakisema kwa utulivu kwamba moshi umekwisha. Neno moshi huwaambia kwamba sasa ni salama, na saa hiyo ndiyo ya hatari.

Katika vitabu vya sayansi na liandikwe monoksidi ya kaboni, bila kufupishwa. Katika karatasi itakayobandikwa ndani ya garinyumba, mbele ya macho ya wajukuu na bibi yao, tunapendekeza hewa sumu ya jiko, na mara moja yafuate maneno haya: haionekani, hainuki, huua usingizini. Na kifaa kiitwe kengele ya hewa sumu. Yale matundu mawili ya ukutani, ambayo mwalimu ameyaita madirisha ya upepo, yaitwe matundu ya hewa, na kando yake iandikwe kwamba yasizibwe. Mama mwenye baridi akisikia neno upepo atatafuta kitambaa cha kuuzuia, nasi hatuwezi kumlaumu.

Ikumbukwe kwamba hatari hii haiko Matema, ambako usiku wa Julai mtu huhitaji shuka na chandarua tu. Iko juu. Iko ule usiku wa kwanza, ikiwa ukungu utawachelewesha na watu wakaamua kulala ndani ya gari karibu na nyumbani wakiwa na jiko la mkaa. Iko pia wakati wa kurudi, ikiwa wataendelea mbele hadi Isongole, kwenye mashamba ya viazi yaliyo juu zaidi ya Tukuyu, kuwasalimu jamaa. Tunamshauri mwalimu wangoje ukungu uinuke, waondoke Tukuyu saa nne au saa tano asubuhi, na wateremke siku hiyohiyo mchana bila kulala njiani. Tangi la maji wasilijaze. Matema hakuna upungufu wa maji, na gari jepesi hushuka kwa utiifu zaidi. Jiko la mkaa lifungwe nje, nyuma ya gari, likiwa baridi.

Mahali pa kulaza gari, mwalimu ameandika kituo. Neno hili latokana na kutua, kama walivyotua mizigo wapagazi wa zamani, na kwa historia lafaa. Kwa bahati mbaya limejaa: lina mabasi, lina polisi, lina afya. Mtu akiuliza njia ya kwenda kituoni Matema ataonyeshwa yote matatu kabla hajafika ufukweni. Sisi twapendelea malalo, mahali pa kulala, neno la kale ambalo halina kazi nyingi siku hizi. Malalo ya magari, hapo chini ya Milima ya Livingstone, karibu na Lyulilo ambako Wakisi huleta vyungu vyao sokoni. Bibi atakuwa na kitu cha kutazama.

Maneno mengine ya orodha yake hayana ubishi. Betri ya pili iitwe betri ya ndani. Uzito aliouita uzito wa kufa, kwa kufuata kitabu, uwe uzito wa gari tupu. Paneli ya jua imekwisha kuzoeleka. Meza ya kukunja ni meza ya kukunja.

Limebaki neno moja ambalo mwalimu ameliachia nafasi wazi, nasi tunaiacha wazi kwa makusudi. Kitabu kinazungumzia ukungu unaolowesha, ule ambao si mvua wala si umande, unaotua juu ya kioo cha gari mpaka vifutio vifanye kazi ingawa hakuna tone lililoanguka. Manyunyu hutoka wingu la mvua, rasharasha vilevile. Hali hii watu wa Tukuyu huamka nayo Juni na Julai, na huenda Kinyakyusa kikawa na jina lake. Tunawaomba wasomaji wa Rungwe, Busokelo na Kyela watuletee neno walitumialo, pamoja na mfano wa sentensi moja, na watueleze kama wazee na vijana wanalitamka kwa namna moja.